Karatasi za Nakuru na Naivasha

Jumatatu ya tarehe 16 Juni 1975, wanaume watatu ambao wafuasi wao walikuwa wakiuana katika mitaa ya Luanda waliketi pamoja katika Ikulu ya Nakuru. Agostinho Neto, daktari na mshairi, alikuwa kiongozi wa MPLA. Holden Roberto, aliyekulia Kongo na kutegemea mkono wa Mobutu, rais wa nchi hiyo iliyokuwa ikiitwa Zaire, aliongoza FNLA. Jonas Savimbi alikuwa ameachana na Roberto mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akaunda chama chake mwenyewe, UNITA. Mreno alikuwa ameshaamua kuondoka Angola, na siku ya uhuru ilishawekwa kuwa 11 Novemba. Lililobaki ni nani angekabidhiwa nchi.

Mwenyeji wao alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, rais wa Kenya. Mwezi Januari mwaka huohuo alikuwa amewakutanisha Mombasa, wakakubaliana kuzungumza na Ureno kwa sauti moja. Siku chache baadaye, tarehe 15, walitia saini mkataba katika mji wa Alvor, kusini mwa Ureno, ulioanzisha serikali ya mpito ya vyama vyote vitatu. Kufikia Machi, serikali hiyo ilikuwa imebaki jina. Mawaziri waliokaa meza moja mchana walikuwa na majeshi yaliyorushiana risasi usiku. Ndipo wakaitwa tena kwa Mzee, safari hii si pwani bali Bonde la Ufa, katika mji alioupenda na kuukalia kwa muda mrefu kila mwaka.

Kenya yenyewe haikuwa shwari. Mapema mwezi Machi mwili wa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ulikuwa umepatikana Ngong. Akazikwa Gilgil, mji ambao hakuna anayetoka Naivasha kwenda Nakuru kwa barabara kuu asiupite. Tarehe 3 Juni kamati teule ya Bunge ilikuwa imetoa ripoti yake juu ya mauaji hayo, na vyuoni na barabarani watu walikuwa wakiulizana nani alitoa amri. Wiki mbili hazijaisha, serikali hiyohiyo ikawa inawasihi Waangola waweke silaha chini. Vitabu vya diplomasia huliruka jambo hili. Mimi naliweka hapa kwa sababu wazee wa Gilgil hawawezi kuikumbuka Juni ile bila kulikumbuka.

Mazungumzo yalichukua siku sita. Mkataba uliotoka Jumamosi ya tarehe 21 ulikuwa mkweli kuliko mingi ya aina yake. Wakuu hao watatu walikiri kwamba silaha zilikuwa zimeingia Angola kupita kiasi, kwamba raia walikuwa wamegawiwa bunduki, na kwamba kila chama kilikuwa kikipigania kukalia wenzake kichwani. Waliahidi kuwanyang'anya raia silaha hizo, kuunda jeshi moja la taifa na kwenda kwenye uchaguzi. Wakapeana mikono, wakaondoka.

Mkataba wa Nakuru haukumaliza majuma matatu. Tarehe 9 Julai vita vikubwa vilizuka Luanda, na kabla ya mwezi kuisha MPLA ilikuwa imeifukuza FNLA jijini. Walioufuatilia mkutano ule kwenye magazeti ya Nairobi waliona jambo rahisi: Waangola wameshindwa kuelewana, ukabila umewazidi, tamaa imewapofusha. Hayo yalisemwa, na kwa kiasi fulani yalikuwa kweli. Ila yalikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa kwenye majalada yaliyofungwa katika miji ya mbali, na ilichukua wasomi zaidi ya robo karne kuyafungua.

Wa kwanza kuchimba alikuwa John Marcum, Mmarekani aliyekuwa akiwafuatilia wapigania uhuru wa Angola tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Kitabu chake juu ya mapinduzi ya Angola kilitoka kwa juzuu mbili, la kwanza mwaka 1969 na la pili mwaka 1978. Marcum aliwajua viongozi hao ana kwa ana, akawafuata uhamishoni, akasoma barua zao na magazeti yao madogo. Kutoka kwake tunaelewa kwamba ugomvi uliofika Nakuru ulikuwa na mizizi ya kweli ndani ya Angola: Roberto alikuwa na watu wa kaskazini, Neto akawa na Luanda na wasomi wake, Savimbi akawa na nyanda za kati. Hakuna mgeni aliyeubuni ugomvi huo.

Mwaka huohuo wa 1978 John Stockwell, aliyekuwa mkuu wa kikosi kazi cha Angola ndani ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, aliandika kitabu cha kuwafichua mabosi wake. Sasa ikaanza kuonekana mikono iliyokuwa chini ya meza. Tarehe 22 Januari 1975, juma moja tu baada ya Alvor, kamati ya siri mjini Washington ilikuwa imeidhinisha dola 300,000 kwa ajili ya Roberto. Tarehe 18 Julai, wakati saini za Nakuru hazijatimiza mwezi, Rais Gerald Ford aliidhinisha operesheni kamili ya siri kuwapa silaha Roberto na Savimbi, na kufikia mwishoni mwa mwaka bajeti yake ilikuwa imepanda hadi takriban dola milioni 32. Nathaniel Davis, ofisa aliyesimamia mambo ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, alipinga, hakusikilizwa, akajiuzulu.

Upande wa pili, Wasovieti walikuwa wamerudia kuipelekea MPLA silaha, nyingi zikipitia Kongo-Brazzaville. Wachina nao walikuwemo, na hapa msomaji wa leo huenda akashtuka: walikuwa na Roberto. Wakufunzi wao zaidi ya 100 walitumwa Zaire mwaka 1974 kuwafunza askari wa FNLA, kwa sababu kwa Beijing ya wakati ule adui wa kwanza alikuwa Moscow. Waliondoka Oktoba 1975, walipoona kwamba wangejikuta kambi moja na Makaburu wa Afrika Kusini.

Makaburu walivuka mpaka kutoka Namibia katikati ya mwezi huo wa Oktoba. Tarehe 4 Novemba Fidel Castro aliamua kutuma wanajeshi kuiokoa Luanda, na Angola ikapata uhuru wake tarehe 11 huku mizinga ikinguruma nje ya jiji. Kwa miaka mingi Henry Kissinger aliuambia ulimwengu kwamba Cuba ilikuwa kibaraka wa Moscow, na kwamba Marekani na Afrika Kusini ziliingia kujibu uvamizi wa Wacuba. Piero Gleijeses, profesa mzaliwa wa Italia aliyefundisha katika chuo cha Johns Hopkins, aliigeuza hadithi hiyo. Alifanikiwa kuwashawishi wakuu wa Havana wamruhusu kusoma nyaraka ambazo wageni hawakuruhusiwa kuziona, akazilinganisha na za Washington, na mwaka 2002 akachapisha kitabu kilichoonyesha, tarehe kwa tarehe, kwamba Castro alijiamulia mwenyewe na kwamba askari wa Afrika Kusini walitangulia. Kissinger mwenyewe, katika kumbukumbu zake za mwaka 1999, alikuwa ameshakubali kwamba ushahidi ulionyesha Castro hakutumwa. Mwaka 2005 Odd Arne Westad wa Norway, akitumia na nyaraka za Moscow zilizofunguliwa baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, aliiweka Angola katikati ya historia pana ya Vita Baridi katika nchi za Dunia ya Tatu.

Nimekaa sana kwenye vitabu hivi kwa sababu vinabadilisha namna ya kuusoma mkutano wa Nakuru. Ukiwaangalia wale watatu pekee, unaona watu walioshindwa kutimiza neno lao. Ukiongeza majalada ya Washington, Moscow, Havana na Pretoria, unaona kwamba kila aliyetia saini alikuwa na mlango wa nyuma, na nyuma ya kila mlango alikuwepo tajiri aliyesubiri. Aliyeahidi kupunguza silaha Nakuru alijua wapi pa kuzipata zaidi akirudi. Mzee hakuwa na kitu cha kuzibia mlango hata mmoja. Alichokuwa nacho ni heshima, na heshima yake haikufika Washington wala Moscow.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimpa Kenyatta uenyekiti wa tume ya kusuluhisha mgogoro wa Kongo. Alikuwa bado katika mazungumzo jijini Nairobi, Novemba mwaka ule, pale ndege za Marekani zilipowamwaga askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville, mji tunaouita sasa Kisangani.

Msomi aliyekuwa amelitafakari jambo hili mapema alikuwa mtoto wa Mombasa. Ali Mazrui alichapisha mwaka 1967 kitabu chake juu ya amani ya Afrika inayolindwa na Waafrika wenyewe, akaipa jina la Kilatini, Pax Africana. Hoja yake ilikuwa kwamba uhuru wa bara utabaki na kasoro iwapo kila moto ukiwaka tutamwita mzima moto kutoka Ulaya au Marekani. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, sehemu ya mradi mkubwa wa wasomi wa mabara mbalimbali waliokuwa wakijaribu kufikiria ulimwengu ungepangwaje upya. Kati ya vitabu hivyo viwili ndipo unapoangukia mkutano wa Nakuru, kama jaribio la wazo lake. Na wazo lilishindwa kwa sababu ambayo Mazrui mwenyewe aliijua: kusuluhisha ni kazi ya ulimi, kulinda suluhu kunataka nguvu. Januari 1976 marais wa Afrika walipokutana Addis Ababa kuamua waitambue serikali gani ya Angola, waligawanyika nusu kwa nusu, 22 kwa 22.

Kwa nini lakini Nakuru? Jibu la haraka ni kwamba Ikulu ilikuwepo na Rais alikuwepo. Jibu refu linarudi nyuma. Mji huu ulikuwa makao makuu ya walowezi, soko la ngano yao na pareto yao, na hapo ndipo mfumo mwingine wa ulimwengu, ule wa himaya ya Kiingereza, ulipokuja kuaga. Tarehe 12 Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Kenyatta aliingia ukumbi wa mji wa Nakuru na kuzungumza na mamia ya wakulima wa Kizungu ambao miaka michache nyuma walimwita jina la kila uovu. Aliwaambia wabaki, walime. Wengi walibaki, wengine waliuza na kuondoka, na mashamba yao yakagawiwa takriban familia 35,000 kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia.

Wasomi walilifuata jambo hilo pia. Mwingereza Colin Leys alichunguza makazi hayo mapya na biashara ya nchi kwa ujumla, na mwaka 1975, mwaka uleule wa mkataba wa Waangola, akachapisha kitabu kikali kilichodai kwamba Kenya imebadilisha bendera tu huku minyororo ya uchumi wa nje ikibaki palepale. Miaka mitatu baadaye akageuka. Aliandika kwamba alikuwa amewadharau matajiri wa Kenya wenyewe, kwamba walikuwepo, walikuwa na mtaji, na hawakuwa vibaraka watupu. Mjadala uliofuata kati ya wasomi uliitwa mjadala wa Kenya, ukajaza majarida kwa miaka. Naye Samuel Makinda, Mkenya aliyekwenda kufundisha Australia, aliandika mwaka 1983 kwamba diplomasia yetu ya kimyakimya ilikuwa imekwisha, na kwamba tumejiingiza katika siasa za Vita Baridi. Ni msomi adimu wa enzi ile aliyeitazama Kenya kama nchi yenye chaguo lake, ikichagua vizuri au vibaya.

Vita Baridi vikaisha. Neto alikuwa ameshafia Moscow mwaka 1979, Wacuba wakaondoka Angola mwaka 1991, Savimbi akauawa msituni Februari 2002. Na mwaka huohuo wa 2002, kazi ya kupatanisha ilikuwa inarudi Bondeni.

Safari hii ilikuwa Sudan. Kusini na Khartoum walikuwa vitani tangu 1983, na watu takriban milioni mbili walikuwa wamekufa kwa risasi, njaa na maradhi. Rais Daniel arap Moi, ambaye makazi yake yalikuwa Kabarak, nje kidogo ya Nakuru, alikuwa amemteua Jenerali Lazaro Sumbeiywo mwaka 2001 kuongoza usuluhishi kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hili. Sumbeiywo, mwanajeshi wa Keiyo asiyependa maneno mengi, aliwafikisha Machakos, ambako tarehe 20 Julai 2002 Khartoum ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba watu wa Kusini watapiga kura kuamua kubaki au kuondoka. Moi alistaafu, Mwai Kibaki akaingia, jenerali akaendelea.

Kisha ikaja Nakuru tena. Julai 2003 wapatanishi waliwawekea mezani wajumbe wa pande mbili rasimu nzima ya mkataba: jeshi, mafuta, madaraka, vyote kwa pamoja. Upande wa John Garang, kiongozi wa waasi wa Kusini, uliipokea kama msingi wa kuendelea. Serikali ya Sudan ikaikataa katakata, ikisema rasimu inaandaa njia ya kuigawa nchi, na Rais Omar al-Bashir akawatolea wapatanishi maneno ambayo hayasemwi mbele ya wakwe. Kwa mara ya pili mji wetu ukawa umetoa jina lake kwa karatasi iliyochanwa.

Ila kuna kitu kilikuwa kimebadilika tangu 1975, na hapa ndipo watafiti wa siasa za ulimwengu wanapopata kazi. Mwaka 1975 kila upande uliotoka Nakuru ulikuwa na dola kubwa ya kuikimbilia. Mwaka 2003 dola kubwa ilikuwa moja, na ilikuwa inataka mkataba. Marekani, Uingereza na Norway zilikaa nyuma ya Sumbeiywo kama kundi moja, zikalipa gharama, zikatuma wataalamu, zikabembeleza na kutisha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Khartoum iliogopa kuwekwa upande usiofaa, na Garang alijua kwamba Washington haitamvumilia akigoma. Milango ya nyuma ilikuwa imefungwa, si na Kenya, bali na walewale waliokuwa wameifungua zamani.

Tarehe 4 Septemba Garang na Makamu wa Rais wa Sudan, Ali Osman Taha, walikutana ana kwa ana katika hoteli kando ya ziwa Naivasha. Taha alikuwa mwanasheria, hakimu wa zamani. Garang alikuwa na shahada ya uzamivu katika uchumi wa kilimo kutoka Marekani. Kabla ya hapo alisoma sekondari Tanzania na kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo Kiswahili cha wahudumu wa hoteli hakikumpiga chenga. Kikao kilichotarajiwa kuwa cha siku chache kikageuka cha miezi. Septemba 25 wakakubaliana juu ya majeshi, 7 Januari 2004 juu ya mafuta, 26 Mei juu ya madaraka na maeneo matatu yenye mzozo. Mkataba kamili ulisainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mwandishi wa habari Waithaka Waihenya aliyaandika maisha na kazi ya Sumbeiywo katika kitabu kilichotoka mwaka 2006, na Hilde Johnson, aliyekuwa waziri wa Norway na mmoja wa waliokuwa nyuma ya pazia, akaandika chake mwaka 2011.

Vitabu vyote viwili vinaisimulia Naivasha kwa macho ya waliokuwepo. Asiyekuwepo ndiye aliyewavutia baadhi ya watafiti vijana wa wakati ule. Kampuni ya mafuta ya serikali ya China ilikuwa na hisa 40 kwa mia katika ubia uliokuwa ukichimba mafuta ya Sudan, yaleyale yaliyokuwa yanagawanywa Naivasha nusu kwa nusu, lakini Beijing haikuwa na kiti. Wasomi kama Daniel Large na Luke Patey walijenga kazi zao juu ya swali hilo: dola inayokua inafanya nini pale mali yake inapoamuliwa na mikataba iliyoandikwa na wengine? Nchi iliyojitoa katika mzozo wa Angola mwaka 1975 ikiwa maskini na yenye aibu ilikuwa imerudi ikiwa na mabomba na hundi. Anayetaka kuona namna ulimwengu ulivyogeuka katika miaka 30 anaweza kuisoma mikutano ya Nakuru na Naivasha kwa pamoja, akahesabu nani alikuwa chumbani na nani alikuwa nje.

Kati ya karatasi zote za Naivasha, moja iliwavuta wasomi kutoka maktaba hadi katikati ya mzozo wenyewe. Ni ile ya Abyei.

Abyei ni nchi ya Wadinka wa Ngok, mpakani mwa kaskazini na kusini. Ng'ombe wa Wamisseria, Waarabu wafugaji wa kaskazini, hushukia huko kila kiangazi kufuata maji ya mto ambao Wadinka huuita Kiir na Waarabu Bahr el-Arab. Itifaki ya tarehe 26 Mei 2004, iliyotokana na pendekezo la Mmarekani John Danforth, ilisema watu wa Abyei watapiga kura yao kuamua wawe upande gani, na ikalieleza eneo lenyewe kwa sentensi moja: ni eneo la nchi tisa za machifu wa Ngok zilizohamishiwa mkoa wa Kordofan mwaka 1905. Sentensi ilionekana nyepesi, lakini hakuna aliyekuwa na ramani ya mwaka huo.

Ikaundwa tume ya watu 15: watano wa Khartoum, watano wa Kusini, na wataalamu watano wasioegemea upande. Donald Petterson, balozi wa zamani wa Marekani nchini Sudan, aliwaongoza. Douglas Johnson alikuwa mwanahistoria aliyeijua Sudan ya kusini kuliko karibu Mzungu yeyote aliye hai. Kassahun Berhanu alitoka Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Wawili waliobaki walikuwa Wakenya. Shadrack Gutto alikuwa mhadhiri wa sheria Nairobi hadi alipokimbia nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980; alikwenda nchi kadhaa akaishia Afrika Kusini. Godfrey Muriuki alikuwa mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwandishi wa historia ya Wakikuyu kutoka 1500 hadi 1900, kitabu cha mwaka 1974 kilichojengwa kwa sehemu kubwa juu ya masimulizi ya wazee. Kwa mtu aliyetumia ujana wake kuwauliza wazee mipaka ya koo ilipita wapi, swali la Abyei halikuwa geni.

Walianza Aprili 2005. Walikwenda Abyei na Muglad kuwasikiliza Wangok na Wamisseria, kisha wakaingia kwenye hifadhi za nyaraka Khartoum na Uingereza. Humo walikuta fujo. Maofisa wa Kiingereza wa mwanzo wa karne walikuwa wamechanganya mito miwili. Mto mdogo wa kaskazini waliuandika kwa jina la Bahr el-Arab, kwa hiyo kila ripoti iliyosema Wangok wako kando ya mto huo ilihitaji kuulizwa, mto upi? Khartoum ilidai kwamba Wangok waliohamishwa mwaka 1905 walikuwa kusini mwa mto halisi, hivyo eneo lingekuwa kipande chembamba. Wangok walidai nchi kubwa, hadi karibu na visima vya mafuta na kuvipita. Wataalamu walisoma barua za maofisa wa wilaya, wakasoma kazi za watafiti waliotangulia, akiwemo Ian Cunnison aliyeishi na Wamisseria katika miaka ya 1950, wakapima.

Uamuzi wao ulitolewa kwa Ofisi ya Rais tarehe 14 Julai 2005. Walisema nchi ya Wangok iliendelea bila ubishi hadi latitudo ya nyuzi 10 na dakika 10 kaskazini. Kati ya hapo na nyuzi 10 na dakika 35 palikuwa pa wote wawili, Wangok na Wamisseria, kwa hiyo wakakigawa kipande hicho katikati. Kwa mujibu wa mkataba, uamuzi wao ulikuwa wa mwisho na unazibana pande zote. Garang alikufa katika ajali ya helikopta mwishoni mwa mwezi huo. Chama cha Bashir kikasema wataalamu wamevuka mamlaka yao, na hakikuutekeleza.

Mei 2008 mji wa Abyei ulichomwa moto na makumi ya maelfu ya watu wakakimbia. Ndipo kesi ikapelekwa kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague. Tarehe 22 Julai 2009 majaji wengi waliukubali mpaka wa kaskazini wa nyuzi 10 na dakika 10, wakakataa ule mgawanyo wa kipande cha katikati kwa kuwa haukutolewa sababu za kutosha, na wakakata upande wa mashariki, hivyo visima vya mafuta vya Heglig vikabaki nje. Pande zote zilisema zimeridhika. Kura ya Abyei ilipaswa kupigwa Januari 2011 pamoja na ile ya Kusini. Ya Kusini ilipigwa, na karibu watu 99 kwa kila 100 walichagua kuondoka. Ya Abyei haikupigwa. Mei 2011 jeshi la Khartoum liliuteka mji, na mwezi uliofuata Umoja wa Mataifa ukatuma walinda amani. Wangok walipiga kura yao wenyewe Oktoba 2013. Si Khartoum wala Juba iliyoitambua.

Wapo wanaosema kwamba wataalamu watano walishindwa. Sikubaliani nao. Mahakama ya The Hague iliiacha sehemu kubwa ya hesabu yao ya kaskazini ilivyo, na hakuna aliyeleta ushahidi bora kuliko wao juu ya mwaka 1905. Walioshindwa ni waliotia saini Naivasha kwamba watautii uamuzi, kisha wakauogopa ulipowafikia. Palipokosekana ni palepale palipokosekana mwaka 1975: mwenye nguvu wa kusimamia karatasi. Watatu waliokuwa nyuma ya Sumbeiywo walikuwa wamesharudi kwao, macho yakiwa kwenye vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan.

Haya yote tunayasoma kutoka kwenye vitabu vilivyoandikwa Washington, Oslo, Oxford na Copenhagen, pamoja na kimoja cha Waihenya. Juu ya zile siku sita za Juni 1975 sijaona kitabu kizima cha Mkenya. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, mwendo mfupi wa matatu kutoka Ikulu ya Nakuru. Kilianza kama shule ya kilimo ya mlowezi mwaka 1939 na kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Chuo Kikuu cha Kabarak kiko upande wa pili wa mji, na cha Laikipia kiko Nyahururu. Hifadhi ya taifa ya nyaraka ina kituo chake Nakuru, na muda wa miaka 30 ambao sheria huziweka karatasi za serikali chini ya kufuli ulishapita zamani kwa majalada ya 1975. Wahudumu, madereva na askari waliokuwa zamu wiki ile, walio hai, wana miaka 70 na zaidi. Waliofanya kazi hotelini Naivasha mwaka 2004 bado wana nguvu na bado wanakumbuka. Mwanafunzi wa Njoro anayetafuta mada ya tasnifu aanze na hao wa kwanza, na asingoje muhula ujao.